Tunu za Kutia Katika Kasha la Msituni

Jioni ya leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa wengi wenu huenda likawa geni, na baadhi yenu mkaliona dogo, lakini mimi limenishughulisha kwa muda wa wiki mbili nzima, nalo ni hili: mtu anapoazimia kuficha kasha msituni, ili watu asiowajua walitafute, walifungue na wabadilishane naye vitu pasipo kuonana, atie nini ndani yake?

Swali hili si langu. Ni la mjukuu wangu, binti wa miaka tisa, aliyezaliwa huku Uingereza ambako nami nimekaa miaka mingi. Alasiri moja aliniwekea mezani bweta la plastiki lenye kifuniko cha kubana pande zote nne, la kadiri ya kuingia lita mbili za maji, jipya na tupu, akaniuliza, "Babu, tutie nini?" Nikamjibu upesi, kama tujibuvyo wazee tunapodhani kwamba swali la mtoto ni jepesi, nikasema tutie chochote kilichopo. Akanitazama, kisha akasema, "Chochote ndicho kinachoharibu makasha, Babu." Nikaona kwamba mwenzangu amekwisha kulifikiri jambo ambalo mimi sijalianza.

Mchezo wenyewe huitwa jiokeshi, na umri wake si mkubwa. Kabla ya Mei 2000 serikali ya Marekani, ambayo ndiyo yenye setilaiti za jipiesi zinazomwonyesha mtu mahali alipo, ilikuwa ikitia kosa la makusudi katika ishara walizokuwa wakizipokea raia, hata mwenye mtambo mkononi aliweza kukoseshwa kwa kadiri ya mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei mwaka huo, kwa amri ya Rais Bill Clinton, kosa lile likaondolewa, na mtambo uleule ambao jana ulimfikisha mtu katika kiunga, leo ukamfikisha karibu na mti. Haikupita hata siku mbili, na tarehe 3 Mei bwana mmoja wa jimbo la Oregon, jina lake Dave Ulmer, akachukua ndoo nyeusi ya plastiki, akaifukia nusu yake ardhini karibu na Beavercreek, si mbali na mji wa Portland, akawatangazia namba za latitudo na longitudo wenziwe waliokuwa wakiishughulikia elimu ya setilaiti, na akawawekea sharti kwamba atakayeiona achukue kitu, aache kitu, na aandike yote katika daftari lililokuwamo. Kufikia tarehe 6 Mei ndoo ilikuwa imekwisha kuonekana mara mbili, na wa kwanza kuandika jina lake alikuwa Mike Teague.

Je, bwana Ulmer alitia nini? Alitia programu za kompyuta, kanda za video, vitabu, fedha kidogo, manati, na kopo la maharagwe. Mimi naliona chaguo hili kuwa si baya hata kidogo kwa mtu aliyekuwa hana wa kumwiga, kwa maana alitia vitu ambavyo yeye mwenyewe, lau angevikuta njiani, angefurahi kuvikuta. Tena sikilizeni yaliyojiri baadaye. Ndoo ile iliangamia, ikakatwakatwa na mashine ya kufyekea majani, na vyote vilivyokuwamo vikapotea isipokuwa lile kopo la maharagwe, ambalo liliokotwa likiwa zima, likapewa namba yake, na hata leo lina heshima miongoni mwa wachezaji wa jiokeshi kama walivyo na heshima masalia ya kale katika nyumba za makumbusho. Kwa kanuni za sasa chakula hakiruhusiwi kabisa kutiwa katika kasha, na kanuni hiyo ni ya haki, kama nitakavyoeleza. Lakini kopo lile lilisalimika kwa sababu lilikuwa la bati, limezibwa, halikunusika wala halikuingiwa na maji, na katika mambo yote niliyojifunza juu ya kuchagua vitu vya kutia kasha, hilo la kwanza kabisa lilifundishwa na kopo la maharagwe.

Nimesema kasha, na pengine mmesikia jinsi neno letu linavyokaribiana kwa sauti na lile wanalolitumia wachezaji wa jiokeshi wenyewe, *cache*, ambalo asili yake ni Kifaransa na maana yake ni kuficha. Ukaribu huo ni wa sauti tu. Kasha letu sisi tulilipata kwa Wareno, waliokuwa wakiita sanduku *caixa*, nalo limekaa katika nyumba zetu za pwani likihifadhi kanga, hati na dhahabu za mabibi kwa karne kadhaa. Hata hivyo neno limetufaa, nami nitaendelea kulitumia.

Huku Uingereza watu walikuwa wakiacha alama zao maporini muda mrefu kabla ya setilaiti. Mwaka 1854 James Perrott, mwongozaji wa wasafiri katika nyika ya Dartmoor, aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ambako si rahisi kufika, ili waliofika waache kadi zenye majina yao. Pale hapakuwa na kubadilishana. Aliyefika alithibitisha tu kwamba amefika. Kubadilishana ndiko kulikoongezwa na mtu wa Oregon.

Lakini kubadilishana vitu na mtu usiyemwona si bidaa ya Marekani, na hapa naomba mniruhusu niwapeleke mbali kidogo. Mfanyabiashara mmoja wa Iskandaria aitwaye Kosmas, aliyeishi karne ya 6, ameandika habari za wafanyabiashara wa ufalme wa Aksum, huko Ethiopia, waliokuwa wakisafiri mpaka nchi ya Sasu kutafuta dhahabu. Walichukua ng'ombe, chumvi na chuma. Walipofika walijenga boma la miiba, wakachinja ng'ombe, wakatandaza vipande vya nyama pamoja na chumvi na chuma juu ya ile miiba. Wenyeji wakaja na vipande vya dhahabu, kila mmoja akaweka dhahabu yake juu ya kitu alichokitamani, kisha akajitenga. Mwenye mali husogea akatazama. Akiridhika huichukua dhahabu, na mwenyeji naye huja akachukua kitu chake. Asiporidhika huiacha dhahabu palepale, na mwenyeji ama huongeza, ama huiondoa dhahabu yake akaenda zake. Lugha ya kusemezana hawakuwa nayo, na biashara ikaendelea.

Nilipomsimulia mjukuu wangu kisa hiki alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na aliyechukua nyama bila kuweka dhahabu?" Nikamwambia kwamba hapo ndipo kasha letu linapotofautiana na miiba ya Sasu. Kule kila upande uliweza kukataa, maana mwenye mali alikuwa amekaa pembeni akingoja. Katika kasha la msituni aliyetia yuko mbali, pengine yuko kazini, pengine amelala, na aliyefungua yuko peke yake na dhamiri yake. Hakuna wa kumwambia ongeza. Kitu kilichotiwa ndani ni amana mikononi mwa mtu asiyejulikana, na kwa sababu hiyo anayetia mara ya kwanza ana wajibu mzito kuliko wote watakaomfuata, kwa kuwa vitu vyake ndivyo vitakavyowaambia wengine kipimo ni kipi.

Nimeyaona makasha yakiharibika, na uharibifu wake una mwendo unaojulikana. Kasha linaanza na vitu sita vizuri. Anakuja mtu akachukua tochi ndogo, akaacha kikaragosi cha plastiki cha bure alichopewa mtoto wake pamoja na chakula cha mkahawani. Anayefuata anaona vikaragosi vinakubaliwa, naye anachukua kioo cha kukuzia, anaacha kishikio cha funguo kilichovunjika pete. Wa tatu anaacha kuponi ya duka iliyokwisha muda wake, wa nne msumari wa parafujo, wa tano hana kitu mfukoni isipokuwa risiti. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejihesabu kuwa mwizi, maana kila mmoja alipunguza kidogo tu kutoka pale alipopakuta. Lakini mtoto anayefika wa kumi, baada ya kutembea saa nzima katika tope huku ameshika mkono wa babake, anafungua kifuniko na kukuta takataka zilizolowa. Mimi nimeuona uso wa mtoto wa namna hiyo. Alikuwa mjukuu wangu, na ndiyo sababu alinijibu vile.

Wachezaji wenye murua wana kanuni yao, kwamba ubadilishe kwa kitu cha thamani iliyo sawa au iliyozidi, na kama huna, usichukue. Kanuni hii ni ya insafu, nami siioni haja ya kuiongezea neno.

Sasa turudi mezani penye bweta letu. Wazee wetu waliokuwa wakifunga misafara Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walijua kwamba ushanga si ushanga tu. Ule mwekundu ulioitwa samesame ulipokewa vizuri mahali fulani, na mahali pengine ukakataliwa, wakataka wa rangi nyingine. Na kitambaa cha merikani, ambacho jina lake lilitokana na nchi kilikotoka, kilikuwa sawa na fedha mkononi. Mtu aliyechukua ushanga usiopendwa huko aendako aliweza kujikuta katikati ya bara na mizigo ya mali isiyoweza kumnunulia hata debe la mtama. Sitaki mtu adhani kwamba naisifu misafara ile, kwa maana iliporudi pwani ilirudi na pembe na wanadamu, na dhuluma hiyo haina udhuru. Nasema tu kwamba elimu ya kumjua atakayepokea kitu chako ni elimu kongwe katika nchi zetu, na kwamba nilipoitumia hapa mezani ilinifaa.

Je, ni nani atakayefungua kasha letu? Kwa muda wote niliofuatana na mjukuu wangu katika matembezi haya nimeona kwamba watu wazima aghalabu huandika jina na tarehe, wakafunga, wakaenda zao bila kuchukua kitu. Wanaochagua ni watoto. Huchutama, hutoa kila kitu kimoja kimoja, hukipanga juu ya majani, hushauriana na nafsi zao kwa kitambo kirefu, kisha huamua. Basi tukakubaliana kwamba kasha letu litajazwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitano hata kumi na miwili, na kwamba kila kitu kitakachotiwa lazima kiweze kungoja katika baridi na unyevu kwa mwaka mzima pasipo kubadilika.

Sharti hili la pili nalijua kwa hasara. Mwaka jana tulificha kasha letu la kwanza, na mimi, kwa mapenzi ya kwetu, nilitia ndani yake karafuu za Unguja nilizozifunga katika kitambaa, vipande viwili vya udi, na alama ya kitabu iliyosukwa kwa ukili. Nilidhani kwamba atakayelifungua atapokewa na harufu ya pwani, lakini harufu ile iliwaita wanyama pia. Tulipokwenda kulitazama baada ya majira ya baridi tulikuta pembe moja ya bweta imetafunwa, nadhani na panya au kuchakulo, maji yamejaa hadi nusu, ule ukili umeota ukungu mweusi, na daftari lenye majina ya watu kumi na mmoja limekuwa uji. Majina yale siwezi kuyarudisha, na hilo hunisikitisha kuliko karafuu. Hii ndiyo sababu chakula na kila chenye harufu hakitakiwi: peremende, sabuni za manukato, mishumaa yenye marashi, vyote hivyo huwaita wanyama, na huko Oregon hata dubu huja, akang'oa kifuniko kwa kucha zake na asione ladha yoyote aliyotarajia. Vitu vya majimaji pia tuviepuke, kwa kuwa hupasuka kwenye barafu na kuozesha karatasi. Visu, viberiti, dawa na vileo sitavizungumzia kwa urefu, kwa kuwa mtu mwenye akili timamu anajua kwamba mkono utakaoingia ndani huenda ukawa wa mtoto.

Nilitaka pia kutia makombe ya bahari, kauri nzuri zenye mng'aro, ambazo hazilowi wala haziozi. Nikaghairi. Kauri zinazong'ara vile aghalabu zimetolewa majini zikiwa na kiumbe chake hai, nasi watu wa pwani tumekwisha kuziuza nyingi mno kwa wageni; sikuona sababu ya kuongeza hata moja kwa ajili ya mchezo.

Mwisho wa mashauri yetu tulitia vitu 12 vya kubadilishana, si zaidi, kwa maana bweta lililojaa hadi juu halifungiki vizuri, na kisichofungika vizuri huingia maji. Tulitia gololi tatu za kioo, zenye mistari ya buluu ndani yake, ambazo nathubutu kusema kwamba hakuna kitu bora kuliko hizo katika ulimwengu wa makasha, kwani haziwezi kupata kutu, hazifi, hazina harufu, na mtoto wa taifa lolote hujua azifanyie nini. Tulitia kioo kidogo cha kukuzia, firimbi, na tochi ndogo iliyotolewa betri, nazo zikafungwa kando ili zisivuje. Tulitia vipande vitatu vya kanga vya ukubwa wa kiganja, mama yake mtoto amevipinda ukingo kwa cherehani, kila kimoja katika kifuko chake cha nailoni chenye kujifunga. Na tulitia sarafu za Tanzania: ile ya shilingi 50 yenye kifaru, ya 100 yenye swala, na ya 200 yenye simba. Katika duka la hapa jirani sarafu hizo haziwezi kununua hata kibiriti, lakini mtoto wa Kiingereza atakayeokota simba chini ya mzizi wa mwaloni ataenda nayo kwao na kuuliza maswali, na babake atalazimika kufungua ramani. Sarafu ya shilingi 500, yenye nyati, tuliifungia katika bahasha ya peke yake, tukaandika juu yake kwamba ni ya atakayekuwa wa kwanza kulipata kasha, maana ni desturi ya mchezo huu kumtunuku aliyetangulia.

Baadhi yenu mtaniuliza kuhusu vile vibati vyenye namba ambavyo wachezaji huvitia katika makasha. Hivyo si vya kubadilishana. Kila kimoja kina safari yake, mwenyewe amekiagiza kifike mji fulani au kivuke bahari fulani, na anayekichukua huwa amekubali kukipeleka kwenye kasha jingine na kutoa habari zake. Ukikiweka nyumbani kwako kama pambo umevunja safari ya mtu. Ni kama kupewa barua umpelekee jirani, ukaitia mfukoni.

Kitu cha thamani kuliko vyote 12 ni daftari. Tulinunua lenye jalada gumu, tukalitia katika vifuko viwili, kimoja ndani ya kingine, pamoja na kalamu mbili za risasi na kichongeo. Wino huganda kwenye baridi na huchuruzika kwenye maji, ilhali risasi huandika hata juu ya karatasi yenye unyevu. Vitu vingine vyote vikitoweka, kasha lenye daftari kavu bado ni kasha. Daftari likiloa, hata ungetia lulu ndani yake, watu waliofika wamefutika.

Juu ya kifuniko tuliandika kwa herufi kubwa kwamba hili ni kasha la mchezo wa jiokeshi na kwamba halina madhara, tukaacha pande za bweta wazi bila kuzipaka rangi ili aliye nje aone kilichomo. Jambo hili si la kupuuza. Julai 2011 katika mji wa Wetherby, huku Uingereza kaskazini, bweta la mchezo huu lililofichwa nje ya mkahawa lilidhaniwa kuwa bomu, barabara ikafungwa, na wanajeshi wakaitwa kulilipua. Kwetu Afrika Mashariki, ambako watu wamekwisha kuuawa kwa mabomu, mwenye kuficha kasha hana budi kuchagua mahali palipo mbali na masoko, shule, misikiti, makanisa na afisi za serikali, na kabla ya yote amwombe ruhusa mwenye ardhi. Sisi tuliiomba kwa mwenye msitu, akatupa, na akatuonyesha mahali ambapo maji ya mvua hayapiti.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kuliweka. Mjukuu wangu ndiye aliyelisukuma chini ya mzizi, akalifunika kwa gome na majani makavu, akarudi nyuma hatua tano kutazama kama linaonekana. Halikuonekana.

Basi, ndugu wasikilizaji, kama siku moja mtalikuta kasha la namna hii, iwe ni msitu wa Karura, Nairobi, iwe ni Dartmoor, iwe ni mahali popote mtakapofikishwa na miguu yenu, nawaomba jambo moja. Lifungueni mkono ukiwa mkavu. Kama mnacho mfukoni kitu kinacholingana na kile mnachokitamani, badilishaneni, na kama hamnacho, acheni vyote mlivyovikuta. Andikeni majina yenu na tarehe, lirudisheni daftari katika kifuko chake, kisha bonyezeni kifuniko pande zote nne mpaka msikie kimebana.